Siku Gari la Mjomba Kufuli Lilipogoma

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni kama mbuzi aliyefungwa kengele: unamsikia kabla hujamwona. Kiunoni ananing'iniza pete ya funguo nzito kiasi kwamba suruali zake zote zimelalia kulia, na yeye mwenyewe siku hizi ameinamia kushoto kidogo ili asianguke. Ni mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Mtaani wanamwita Kufuli, wala hachukii. Nadhani anaona ni cheo.

Kule kiwandani anaheshimika, na heshima yenyewe kaipata kihalali. Brashi moja ikipotea, atakwambia kama ilipotea kabla ya chai au baada ya chai. Mameneja wamekuja na kuondoka, yeye na stoo yake wapo palepale. Lakini kinachomvimbisha kichwa kuliko vyote ni mlango wa chumba cha vimiminika, zile dawa ambazo mtu akiwasha kiberiti karibu nazo, kiwanda kizima kinahamia mawinguni. Mlango ule una kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza anao yeye, wa pili anao msimamizi wa zamu, na hakuna anayeweza kuingia bila mwenzake.

"Mtu mmoja ana tamaa moja," hupenda kusema. "Weka wawili, kila mmoja atamwogopa mwenzake."

Kanuni hiyo ya funguo mbili ndiyo dini yake ya pili. Siku za kazi inapanda inakuwa ya kwanza.

Balaa ni kwamba mjomba akitoka kazini, stoo anakuja nayo nyumbani. Kwake sukari ina kufuli. Kabati la vikombe vya wageni lina kufuli. Rimoti ya televisheni hulala ndani ya kisanduku cha chuma kama almasi. Chumvi peke yake ndiyo iko huru, kwa sababu hajawahi kusikia mtu aliyekamatwa kwa wizi wa chumvi.

Mkewe, yaani mkazamjomba wangu kwa mliosahau lugha yenu, ni mwalimu wa chekechea. Amezoea viumbe wanaoangua kilio ukiwanyang'anya kikombe, na kwa ujuzi huohuo aliishi na mjomba hadi binti zao wawili wakakua wakaolewa. Hakulalamika sukari ilipofungwa. Hakulalamika rimoti ilipofungwa. Siku moja mjomba akatia kufuli kwenye friji.

Wiki hiyohiyo walimu wenzake wakaja kumtembelea. Jua kali, ni siku ya mapumziko shuleni, mjomba kaenda kiwandani kwa basi la kiwanda na funguo zake kiunoni, friji inanguruma jikoni imejaa maji na juisi, na wageni wanakunywa maji ya bomba ya vuguvugu. Mmoja wao alinyanyuka kwenda jikoni kusaidia, akaiona ile kufuli, akarudi akaketi bila kusema neno. Angesema ingekuwa afadhali. Mjomba aliporudi jioni alikuta wali umefunikwa mezani na mke hayupo. Alikuwa amekwenda kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji.

Mama yangu, kwa kuwa ni dada mtu, ndiye aliyekwenda kuomba radhi. Alirudi na ujumbe mfupi. Jumamosi asubuhi mdogo wa mkazamjomba anasafiri kwenda kwa mama yao, na amechukua nafasi mbili kwenye basi. Mjomba akifika kabla hawajatoka kwenda stendi, mkewe anarudi naye nyumbani. Asipofika, ile nafasi ya pili ni ya mkewe, na huko kwa mama mtu hakuna tarehe ya kurudi.

"Tena aje mwenyewe, na gari letu," mama alimnukuu wifi yake kwa sauti ileile. "Asilete teksi. Mimi si mgeni wa kurudishwa kwangu na gari la kukodi. Nataka kukaa kwenye kiti changu."

Basi Jumamosi, jua halijachoma, mama akanivuta shuka.

"Amka. Gari la mjomba wako haliwaki. Wewe si ulisomea magari?"

"Nilisoma nusu, mama."

"Basi nenda kawashe nusu."

Nilimkuta mjomba uani, kanyoa, kavaa shati ambalo huvaa kwenye misiba ya wakubwa. Alikuwa ameshalivua gari turubai na kufungua mnyororo uliofunga usukani na pedali, huku ana jasho kama mtu aliyekesha akichimba kisima. Gari lenyewe ni dogo, rangi ya maziwa yaliyoungua, na halikuwa limetoka pale tangu mke aondoke, maana wiki nzima mjomba alikwenda kazini kwa basi la kiwanda. Alisema hakuwa na sababu ya kulitoa. Nilimwelewa. Siku zote safari zake za gari zilikuwa hizo tu: asubuhi anamshusha mke shuleni, jioni anampitia, wanarudi pamoja.

Nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa ya dashibodi haikukonyeza.

"Betri," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza chuo.

Mjomba akatazama juu. Akatazama chini. "Geuka ukutani," akasema.

"Niangalie nini?"

"Ukuta."

Nikageuka. Nyuma yangu nikasikia boneti ikifunguliwa, spana ikigonga chuma, boneti ikafungwa. "Haya, jaribu sasa." Kumbe kila siku gari linapolala, waya mmoja wa betri huwa anauchomoa yeye mwenyewe.

"Mjomba, si ungesema tu?"

"Siri ikisemwa ni tangazo."

Safari hii taa za dashibodi ziliwaka, ila stata haikutikisika. Nikafungua mdomo, naye akawahi kuinua kidole kuelekea ukutani. Nikageuka tena. Nikasikia kisahani cha majivu kikivutwa na kitu kikilia *tiki*. Mjomba hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, na sasa nikajua kile kisahani kina kazi gani. Nilipozungusha ufunguo, stata ikazunguka vizuri, nya-nya-nya-nya, lakini injini haikushika. Nikajaribu tena. Nya-nya-nya. Inaimba vizuri tu, ila haiingii ndani ya wimbo.

Nikashuka, nikaenda kusimama ukutani bila kuambiwa. Nikasubiri *tiki* nyingine.

"Mjomba?"

"Unafanya nini huko? Sina nyingine."

"Hebu kumbuka vizuri."

"Nimekwambia sina."

Hapo jirani wa upande wa pili, mzee mstaafu ambaye kazi yake siku hizi ni kuwapo, akachungulia juu ya ukuta na mswaki mdomoni. "Lina mafuta?" akauliza.

Mjomba akanyoosha kidole kwenye dashibodi. Mshale wa mafuta ulikuwa umesimama karibu na juu kabisa. Hajawahi kuuacha ushuke nusu, na mfuniko wa tangi una kufuli mbili.

Tukamwita fundi wa mtaani, tunayemwita Spana. Alikuja na kandambili na macho ya usingizi, ila mikono yake ilishaamka. Alifungua plagi moja, akaishikiza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ya bluu ikaruka. Akainusa ile plagi kama mtu anayechagua samaki.

"Moto upo," akasema. "Lakini plagi kavu. Hainuki petroli. Mafuta hayafiki."

"Si nilisema," mstaafu akadakia kutoka ukutani.

"Yamo kwenye tangi, mzee. Hayaletwi." Spana akaniambia nifungue ufunguo nisipige stata, halafu akalaza sikio kwenye kiti cha nyuma. Gari likiwa zima, ukifungua ufunguo pale chini ya kiti huwa inasikika pampu ikinguruma kidogo, nguuu, halafu inatulia. Tukasikiliza. Nilisikia jogoo wa mtaa wa tatu. Pampu sikuisikia.

"Haipati umeme," Spana akasema. "Fyuzi nzima, nimeiona. Kuna mahali njia imekatwa. Mzee Kufuli, hukuwahi kufunga swichi ya kukata pampu?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

"Swichi zangu nazijua mwenyewe."

"Alikufungia nani?"

"Kila moja fundi wake. Fundi mmoja hawezi kujua siri ya mwenzake."

"Na wewe unazijua zote?"

"Kama baba anavyowajua watoto wake."

Spana akajifuta mikono polepole. "Wapo akina baba," akasema, "wanaoletewa mtoto getini akiwa darasa la nne."

Njia ya uhakika ilikuwa moja: kung'oa zulia lote la gari na kuufuata ule waya kuanzia tangini hadi mbele. Spana alisema kazi hiyo ingetufikisha alasiri. Mjomba akatazama saa yake, akatazama barabara, kisha akatamka neno ambalo kila mwanamume aliyekwama na gari lazima alitamke hata kama dunia nzima inajua halina maana.

"Tulisukume."

"Kusukuma ni dawa ya stata," Spana akasema. "Stata yako haiumwi. Hili lina njaa. Utalisukuma mpaka lifike lenyewe."

"Nimesema tulisukume."

Kutoka getini kwake barabara inateremka. Mjomba akashika usukani, mimi na Spana tukatia mabega nyuma, mstaafu akatembea pembeni akituhimiza kwa ushauri. Gari likashika kasi, mjomba akaachia klachi, gari likatikisika kama mtu aliyekumbuka deni, likaendelea kuteremka bila injini hadi chini kabisa, likajilaza mbele ya mlango wa saluni. Si karibu na mlango. Mbele ya mlango, kiasi kwamba aliyekuwa ndani hatoki mpaka avute pumzi na kupita upande.

Mwenye saluni ni mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye ulimi unaokata bila mkasi. Alijitokeza na chanuo mkononi. Nyuma yake zikachungulia sura za wateja: mmoja ana roli za nywele kichwani, mwingine ana povu la dawa na taulo shingoni.

"Lina mafuta?" akauliza yule wa povu.

"Linayo," tukajibu sote kwa pamoja.

"Kufuli," mwenye saluni akasema, "leo si ndiyo siku ya kumfuata mwenzio?"

Mjomba akamtazama kama mtu aliyekuta stoo yake wazi. Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe yuko semina.

"Usinikodolee macho. Kichwa cha mkeo nakisuka mimi, na yaliyomo humo nayajua pia. Mpigie simu."

"Nimwambie nini?"

"Gari limegoma."

"Ataona ni kisingizio."

"Aone kisingizio huku sauti yako anaisikia. Ukinyamaza ataona nini? Mficha uchi hazai, baba."

"Mimi nimeshazaa," mjomba akasema.

"Basi usiyafiche yaliyobaki."

Akapiga. Simu ya mjomba ilishaharibika kile kijispika cha sikioni, haisikiki mpaka aweke sauti ya nje, kwa hiyo mtaa mzima tukawa wageni wa mazungumzo yale.

"Haloo," mkazamjomba akaitika.

"Ni mimi."

"Naona."

"Gari haliwaki."

Nyuma yake ikasikika zipu ya begi. "Umerudishia waya wa betri?"

"Nimerudishia."

"Na ile ya kwenye kisahani cha majivu?"

Mjomba akaifunika simu kwa kiganja, lakini neno lilishatoka. Spana akatikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo pia," mjomba akasema.

"Basi imebaki yangu."

"Yako ipi?"

Mkazamjomba akashusha pumzi kama anavyoshusha pale mtoto wa chekechea anapovaa viatu kinyume kwa mara ya nne. "Kuna watu hapo?"

Mjomba akazungusha macho. Nilikuwapo mimi, Spana, mstaafu, mwenye saluni, roli, povu, na wapita njia ambao ghafla walikuwa hawana haraka.

"Wachache," akasema.

"Waambie wageuke ukutani."

Mjomba akatuinulia uso. Sijawahi kumwona mtu mzima akiomba kwa macho namna ile. "Jamani," akasema, "geukeni kidogo."

Tukageuka wote. Mwenye roli akautazama mlango, povu likimchuruzika shingoni mwenzake aliyeutazama ukuta, Spana akaangaliana uso kwa uso na picha ya mwanamke aliyesukwa mafundo. Bahati mbaya, ukigeuka, masikio yanabaki palepale.

"Wamegeuka?"

"Wamegeuka."

"Wanasikia?"

Mjomba hajui kusema uongo anapoulizwa swali la stoo. "Wanasikia."

"Basi siwezi kusema. Siri ikisemwa ni tangazo. Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu."

"Nikutajie swichi mbele ya mtaa, kesho gari liibwe, useme ni mimi? Hapana. Mimi niko kwenye kundi la wasioaminiwa hata na maji baridi."

Pembeni yangu mtu alicheka akageuza kikohozi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Nikiwa nimeutazama ukuta, nikagundua kitu kigeni: mjomba alikuwa hatua chache nyuma yangu, na funguo zake sizisikii. Alikuwa amesimama kimya kabisa.

"Sema," akasema.

"Watasikia."

"Wasikie."

"Wote?"

"Mke wangu, wasikie mpaka kiwandani."

Ile zipu ya begi ikasita. Kisha mkazamjomba akazungumza, na safari hii sauti haikuwa ya kumkomoa mtu.

"Iko chini ya kiti changu, upande wa mlango. Uliifunga mwaka ule binti yetu mdogo alipoanza shule. Ulisema mwizi ataketi kwa dereva, hatajua kwamba ufunguo wa pili uko kwa abiria. Ukaniambia mimi ndiye msimamizi wa zamu. Kila asubuhi wewe ukifunga geti, mimi naibonyeza. Jioni tukirudi, nakata. Hukuwahi hata kuniuliza."

"Hukuwahi kusahau," mjomba akasema taratibu.

"Ndiyo maana hukukumbuka. Sisi tunatoka sasa hivi, begi liko mlangoni." Akakata.

Hakuna aliyeambiwa ageuke tena, tukageuka wenyewe. Mjomba alikuwa ameshapiga magoti kwenye lami na shati lake la misiba, mkono umezama chini ya kiti cha abiria. *Tiki*. Akazunguka kwa dereva, akafungua ufunguo. Nguuu, pampu ikasema. Stata ikagusa mara moja tu, injini ikashika.

"Kufuli," mwenye saluni akasema, "gari hili sasa hata mimi naliiba."

Nikarukia kiti cha nyuma. Ndipo nikakumbuka. "Mjomba, geti. Tumeliacha wazi."

"Achana na geti."

Nilitaka kumshika kipaji cha uso nione kama ana homa. Nyuma yetu mstaafu akapiga kelele kwamba atalilinda yeye, na mjomba, badala ya kuogopa zaidi, akampungia mkono.

Aliendesha kama mtu anayefukuzwa na kiwanda. Tulipofika kwa shemeji yake, teksi ya kwenda stendi ilishawasili na mabegi yalikuwa yanapakiwa. Mkazamjomba alisimama getini na kibegi chake, ambacho ndicho pekee kilichokuwa hakijapakiwa. Mjomba hakuthubutu kuzima injini. Akashuka, akamfungulia mlango wa kushoto. Mkazamjomba akamtazama magoti yenye vumbi la lami, akaingia, akaweka kibegi mapajani, akajisogeza hadi kiti kikamkaa vizuri. Mjomba naye akarudi kwenye usukani, uso umeanza kupata damu.

Mkazamjomba akainama, akapeleka mkono chini. *Tiki*. Injini ikavuta pumzi mbili tatu za mafuta yaliyobaki kwenye mpira, ikakohoa, ikafa.

"Umezima," mjomba akasema.

"Nimezima."

"Kwa nini?"

"Friji."

Mjomba akashika pete ya funguo kiunoni, akautafuta ule mdogo wa shaba. Akaupata. Sasa kuuchomoa kwenye pete ndiyo ikawa kazi. Pete ile ilishakaza kwa miaka, haijawahi kutolewa ufunguo hata mmoja, kila mwaka ni kuongeza tu. Akatumia kucha, kucha ikavunjika. Akatumia meno. Akanigeukia nyuma akauliza kama nina spana, nikamwambia spana zilikuwa nusu ya pili ya kozi. Mwishowe akaifungua ndoano ya mkanda, akaishusha pete nzima mapajani kwa mkewe, juu ya kibegi.

"Basi shika zote."

Mkazamjomba akaipima kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kweli, hata sauti yake ilikuwa ya mnyororo wa nanga. "Hizi nikizivaa," akasema, "mimi nitainamia upande gani?"

Mjomba alicheka. Ilikuwa sauti ngeni, kama kabati lililofunguliwa baada ya muda mrefu. Kisha akaweka mkono kwenye ufunguo wa gari, hakuuzungusha. Akaketi pale, mtu mzima na nywele zake nyeupe, akimsubiri abiria.

"Naomba ubonyeze," akasema.

Akabonyeza. Nguuu, nikaisikia chini ya makalio yangu.

Kwenye teksi, mdogo wa mkazamjomba alikuwa ameshaketi, na ile nafasi ya pili ya basi sasa ingekaliwa na mkoba wake. Alitoa kichwa dirishani, baada ya kututazama muda wote ule tukiwa tumesimama.

"Shemeji," akaita, "lina mafuta?"